Siku Niliyomzungusha Mbuzi-mawe

Suruali ile niliishona mwenyewe, kwa hiyo sina wa kumlaumu. Nilikuwa fundi cherehani pale Ngamiani, Tanga, miaka ile ya hamsini, wakati mkonge una bei na kila karani wa shamba anataka kaptura ya kaki yenye marinda ya kusimama. Nilikaa barazani kwangu tangu asubuhi mpaka adhuhuri, nikakaa tena tangu alasiri mpaka magharibi, na miguu yangu kwa kukanyaga cherehani ilikuwa imekwisha kwenda safari ndefu kuliko ya Makka bila ya kuondoka mahali pake. Kitambi nacho nilikuwa nacho. Kidogo, lakini kilikuwa changu. Mtu wa namna hiyo ndiye aliyetoka siku moja kwenda kuwinda mlimani.

Sababu ilikuwa mke wangu. Mimba ilikuwa imemchukua vibaya. Ya kwanza ilitoka mwaka uliotangulia, na hii ya pili ilipoingia tukawa tunatembea ndani ya nyumba kama watu waliobeba mayai. Hakula. Wali ulimnukia, samaki walimnukia, mimi mwenyewe nilimnukia. Kilichokaa tumboni ni ndimu na udongo tu, na mtoto hajengwi kwa ndimu na udongo. Mkunga alipokuja akamshika kifundo cha mkono, akaona kimebaki kijiti, akanivuta uani. "Baba," akaniambia, "huyu asipokula, hii nayo itatoka. Na safari hii sijui kama itatoka peke yake." Nilimwelewa. Nikarudi barazani nikashona mkono wa shati mahali pa kola.

Basi siku moja, amelala ameuelekea ukuta, akasema, "Nataka mbuzi-mawe."

Mimi mtu wa pwani nilikuwa sijapata hata kumsikia mnyama huyo. Nikaelezwa. Kumbe ni paa mdogo wa milimani, anakaa kwenye majabali, anasimama juu ya jiwe kwa ncha za kwato kama mwanamke anayeogopa kukanyaga tope. Mke wangu alikuwa Msambaa wa milima ya nyuma ya Maramba, binti wa mwindaji, na tangu utoto wake alikuwa akila nyama hiyo iliyokaushwa juu ya moshi wa jiko la kwao. Kwetu mjamzito akitamani kitu haulizwi kwa nini. Hutafutiwa. Asipopata, husemwa, mtoto atazaliwa na udenda usiokauka. Mimi wakati ule udenda ningeupokea kwa mikono miwili, bora tu awepo mtoto wa kuutoa.

Kwanza nilijaribu ujanja. Nilinunua paja la mbuzi sokoni, nikalitia moshi wa makumbi ya nazi mpaka majirani wakaja na ndoo za maji, nikampelekea. Akanusa mara moja. "Huyu alikuwa akila magazeti," akasema, akaurudia ukuta wake.

Ikabaki kwa baba yake. Na hapo ndipo palipokuwa na miiba. Baba mkwe wangu alikuwa mzee wa kanisa, Mluteri wa kuzaliwa, na binti yake alikuwa amekuja Tanga kukaa kwa shangazi, akaniletea kitambaa nimshonee gauni, gauni likachukua siku nyingi kuliko linavyostahili gauni, mwisho akasilimu tukaoana. Mzee hakuja arusini. Hakutuma mtu. Tangu siku ile hakumtamkia binti yake neno, wala zuri wala baya, na mimi hakupata kuniona kwa macho. Mke wangu naye hakumtaja. Ila kila mama muuza ndizi alipoteremka kutoka Maramba, nilimsikia akimuuliza habari za mvua, habari za mahindi, habari za ng'ombe wa watu, akizunguka zunguka, mpaka yule mama amwambie bila ya kuulizwa, "Na mzee hajambo."

Huyo mama wa ndizi ndiye niliyemtuma. Nilimweleza yote, mimba, ndimu, udongo, mbuzi-mawe, nikamwomba amfikishie mzee. Nilidhani jibu litakuwa tusi. Alirudi nalo baada ya soko mbili tatu, akalitoa pamoja na chane la ndizi mkono: "Anasema uende. Lakini uende na kisu chako. Hataki kuua mnyama halafu aambiwe mkono wake haramu."

Maana yake ilikuwa wazi. Mzee atapiga. Mimi, Mwislamu, nimwahi mnyama angali hai, nimchinje kwa bismillahi, ndipo mke wangu aweze kumla. Akitangulia kufa, ni kibudu, hakuna tena. Kazi yangu yote katika uwindaji ule ilikuwa kufika kwa wakati. Cha ajabu ni kwamba nilijiona shujaa.

Nilijishonea nguo za kuwindia. Nilikuwa nimewaona Wazungu wa Raskazone wakipakia magari yao kwenda porini, na kama fundi nilikuwa nimezisoma nguo zao vizuri kuliko walivyozivaa. Nikakata kaki nzito. Koti nikalitia mifuko kifuani, mifuko kiunoni, mifuko mikononi, na juu ya moyo nikashona vijumba vya risasi, mimi ambaye hata manati nilikuwa sina. Suruali niliibana vyema makalioni, kwa sababu mwindaji, nilivyoona mimi, hapwayi. Nilipoivaa barazani wanywaji kahawa walisimama kunipigia saluti. "Simba wametoa salamu," mmoja akasema, "wanauliza watakula nyama au watatafuna vitambaa?" Nikawaambia wangoje, watakuja kunilamba vidole. Nilisema hivyo, wallahi. Nilikuwa na mdomo siku hizo.

Miguu niliifundisha kupanda kwa kwenda nyumba ya ghorofa ya mfanyabiashara mmoja wa vitambaa, nikapanda ngazi zake na kushuka, kupanda na kushuka, mpaka mke wake akauliza kama nimepoteza kitu. Mkono nilikwenda kuufundisha kwa kuku. Hapo niseme wazi kwamba mimi na damu hatukuwahi kuelewana. Nyumbani kwetu kuku walichinjwa na jirani. Kuku wangu wa kwanza aliniponyoka na jeraha dogo akaishi miaka, akawa kila akiniona ananijia juu. Wa pili nilimfumbia macho. Mwalimu wa madrasa aliona afadhali anieleze: kisu kiwe kikali, usikinolee mbele ya mnyama, uelekee kibla, utaje jina la Mungu, ukate koo na umio kwa mara moja. "Kibla ni sunna," akaongeza, "si sharti. Ukishindwa, chinja tu." Nami nikaitikia kama mwanafunzi mwema. Kibla nikaikumbuka. Hilo la "ukishindwa, chinja tu" sijui liliingilia sikio gani likatokea gani.

Asubuhi ya safari niliona si adabu kwenda kwa mkwe mara ya kwanza ninanuka mafuta ya cherehani. Nikazifukiza nguo zangu zote udi. Koti, suruali, hata soksi. Mke wangu alinitazama kutoka kitandani, akataka kusema kitu, akakosa nguvu. "Mwambie…" akaanza. Nikangoja. "Basi," akasema, "mwambie shikamoo."

Basi liliniteremsha Maramba, na kutoka hapo nikapanda kwa miguu mpaka kijijini kwao. Nilimkuta mbele ya nyumba, mtu mwembamba, mkavu, koti limefungwa vifungo vyote hadi shingoni, anasafisha gobori lake. Nikainamisha macho. Kwetu baba mkwe hatazamwi usoni, hasemeshwi ovyo, na ukiweza usipige hata chafya mbele yake. Nikampa shikamoo yangu, halafu nikampa ya binti yake.

"Marahaba," akasema. Ilikuwa moja tu, sikujua ni ya nani. Kisha akanusa. "Unakwenda arusini?"

"Hapana, baba."

"Mbuzi-mawe atakusikia harufu kabla hujaamka. Kesho utavuliwa huo udi."

Kulipokucha alinipeleka kwenye zizi, akanionyesha samadi ya mbuzi, akanigeuzia mgongo kwa heshima. Nikajipaka. Nikaipaka kazi yangu yote, mifuko, vijumba vya risasi, mishono niliyoipiga mara mbili mbili. Tukaondoka, yeye mbele na gobori, mimi nyuma na harufu.

Jamani, mlima si ngazi za ghorofa. Ngazi zimetengenezwa na mtu anayekutakia mema. Yule mzee alipanda kana kwamba anarudishiwa ujana wake juu huko, na mimi nilipanda kwa kushika chochote kilichokubali kushikwa. Alikuwa amenipa amri: usiseme, usikohoe, usiteremshe jiwe. Nilitii ya kwanza. Kila jiwe nililolikanyaga lilikuwa na safari yake ya chini. Mzee hakugeuka, ila mabega yake yalipanda kidogo kila lilipolia jiwe, nami nilijifunza kuyasoma mabega yale yananitukana nini.

Tulifika mahali pa jabali refu la kupandwa kwa mikono. Yeye akapita. Mimi nikainua mguu, nikauinua zaidi, na hapo nikasikia sauti ninayoijua kuliko sauti zote duniani. Kitambaa kinachopasuka. Kutoka kiunoni nyuma mpaka katikati, yote, na upepo wa Usambara ukaingia kunijulia hali. Mganga hajigangi! Ndani nilikuwa nimevaa kitu chepesi sana cha mjini, nacho kiliifuata suruali kwa utiifu.

Msomaji asiye na wakwe anaweza kucheka tu akapita. Mwenye nao ataelewa. Kuwa tupu nyuma mbele ya baba wa mke wako, ambaye hajakuona uso ila tangu jana, na ambaye ni mzee wa kanisa, ni afadhali jabali likuangukie. Sikuweza kumwambia, maana neno lenyewe la mahali palipopasuka halitamkiki mbele ya mkwe. Koti nililishona fupi kwa maringo, halikufika. Kwa hiyo nikawa sipandi isipokuwa ametazama mbele, na akigeuka tu, mimi nami nageuka, uso kwake, mgongo kwa mwamba. Alipoona hivyo mara kadhaa nadhani aliamini ni adabu ya pwani.

Juu kulikuwa na ukungu. Mzee akanyanyua mkono, nikaganda. Mbele, juu ya jiwe lenye ncha, nikamwona: mdogo, mnene wa manyoya, pembe mbili fupi, kwato nne zimekusanyika mahali pa kutosha kikombe. Alikuwa mzuri. Nilifikiri, masikini, hujui kwamba kuna mwanamke Ngamiani anakuota.

Gobori likalia. Mnyama akaruka, akaanguka, akajaribu kuinuka kwa miguu ya mbele. Mzee alikuwa amempiga nyonga kwa makusudi, ili asife. "Kimbia!" akasema, naye mwenyewe akakimbia, na mzee yule alinishinda mbio. Nilipofika ninahema alikuwa amekwisha mkamata, pembe mkono mmoja, miguu mkono wa pili, amempigia goti.

"Chinja!"

Nikatia mkono mfukoni kutoa kisu. Hakimo. Nikatia mfuko wa pili. Kifuani, kiunoni, mkononi. Mtu aliyeshona mifuko ile yote alistahili viboko. Kisu nilikikuta ndani ya mfuko wa siri niliokuwa nimeutia upande wa ndani kwa kuringia ufundi.

"Chinja, wewe wa pwani!"

"Kibla ni wapi, baba?"

Kwetu Tanga mtu hapotezi kibla. Iko kaskazini, na misikiti yote inakuonyesha. Lakini kwenye ukungu ule kaskazini ilikuwa imefichwa pamoja na kila kitu. Mzee alinitazama kama anayemtazama mwenda wazimu, akaonyesha kwa kidevu, maana mikono ilikuwa na kazi. "Kule."

Nikapiga magoti kuelekea kule. Mara nikakumbuka: mzee yuko nyuma yangu. Nikiinama tu, atayaona yote. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi kuinama ndiko nilikokuwa siwezi. Nikasimama. "Baba," nikasema, "tafadhali tumgeuze kidogo." Akamgeuza, akiguna. Sasa mzee alikuwa mbele yangu, heshima yangu imesalimika, lakini shingo ya mnyama imeelekea kusini. "Bado kidogo, baba." Akamvuta. Nikazunguka. Kibla ikarudi, na mzee akarudi nyuma yangu. "Ala! Tena?" Tukazunguka tena, yeye na mnyama wake, mimi na kisu changu, sote watatu juu ya jiwe lile kama watu wanaocheza ngoma ambayo mmoja tu ameisikia. Na wakati ule wote lile la "ukishindwa, chinja tu" halikuja kichwani hata chembe. Kibla tu, na suruali.

Nilipopata mwishowe pembe iliyonifaa, kibla mbele na mzee ubavuni, nikasema bismillahi, nikaanza kushusha kisu.

"Amekufa," mzee akasema.

"Bado, baba."

"Amekufa."

Nikalitazama jicho. Lilikuwa limetulia, halina habari na mtu. Nikaweka kiganja kwenye mbavu, hazikupanda. Hapo nikauona mkono wa mke wangu ulivyobaki kijiti, nikaketi juu ya jiwe nikalia. Nililia kwa sauti, mbele ya mkwe, sikujali tena upande gani umeelekea wapi.

Kisu kilikuwa mkononi bado. Nilikitazama, nikaitazama shingo ile. Nani angejua? Mzee aliona macho yangu yanapokwenda.

"Usithubutu," akasema. Alikuwa na hasira, sauti inamtetemeka. "Nimegombana na mwanangu kwa ajili ya hiyo dini yenu. Sikula naye, sikusema naye. Sasa nimdanganye kwa hiyo hiyo? Weka kisu."

Nikakiweka. Tukakaa, kibudu katikati yetu.

"Lakini niambie," akasema baadaye, "kwa nini ulikuwa unazunguka?"

Sikuwa na cha kuficha tena. "Suruali, baba. Imepasuka nyuma. Nikielekea kibla, nakuelekezea…"

Alitazama ukungu. Halafu mabega yale niliyokwisha yasoma kutwa yakaanza kutikisika, nikadhani analia naye, kumbe anacheka. Alicheka mpaka akashikilia jiwe. "Umemzungusha," akasema, "umemzungusha mnyama wa watu mpaka kafa kwa kizunguzungu!" Akacheka tena, akafuta macho, na kicheko kikaisha ghafla. "Hali kitu kabisa?"

"Ndimu na udongo. Mkunga anasema asipokula itatoka. Na huenda yeye naye asipone."

Hilo la mwisho yule mama wa ndizi hakumfikishia, maana hata mimi sikuwahi kumwambia mtu. Mzee alinyanyuka, akamtupa mnyama begani, akaanza kuteremka bila ya kunitazama. Nilimuuliza kama kesho tutajaribu tena. Akasema mlima ukishasikia gobori, mbuzi-mawe haonekani tena mpaka asahau, na yeye hasahau upesi.

Jioni ile alimchuna, akachoma ini, akalila. Kwa dini yake halikuwa na neno. Mimi nilipewa mhogo, nikaula nje nimejitanda blanketi lake kiunoni, harufu ya ini inanipitia. Mifuko yote ile, na sindano nilikuwa sikubeba hata moja.

Asubuhi nilipotoka kuaga nilimkuta amesimama mlangoni na koti lake la kanisani na mwavuli.

"Twende," akasema.

"Wapi, baba?"

"Tanga. Nyama huna. Utamwambia nini? Wewe hutaweza kueleza. Muda wote ulikuwa umegeukia upande mwingine."

Ndani ya basi aliketi mbele, mimi nyuma kabisa na blanketi langu. Wanywaji kahawa wa barazani waliponiona nateremka nimevaa koti la mifuko juu na blanketi chini, ninanuka samadi, hawakuuliza chochote. Ni mara ya pekee nilipowaona wamekosa la kusema, na sikuifurahia hata kidogo.

Mzee alisimama mlangoni pangu. Nilimwambia apite, hakupita. Akapiga hodi, kwa sauti ndogo, kama mtu aliyekosea nyumba.

Ndani kitanda kikalia. Mke wangu, ambaye siku zile hakuinuka bila ya kushikwa, alitoka peke yake akipapasa ukuta, kanga imemwangukia bega. Akasimama.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu," akasema. Alimtazama mikono, alimtazama shingo, kidevu kikamcheza. Nikaona kwamba akisema lolote la moyoni litakwama, na yeye aliliona hilo. Akakohoa. "Nimekuja kukueleza mume wako alivyoniharibia nyama."

Jirani yetu, mama mmoja wa Kidigo asiyengoja kuambiwa, alikuwa amekwisha leta sinia, wali na mchuzi wa kunde, kwa ajili ya mgeni. Mzee akaketi mkekani. Mimi nikabaki mlangoni na birika la maji ya kunawa, maana siwezi kula mbele yake, na kwa kweli nilitaka mlango uwe karibu. Akamwambia binti yake, "Kaa. Mimi sili peke yangu." Akakaa, akageuza pua mbali na wali.

Mzee akaanza. Akaanza na udi. Aliusimulia polepole, kwa uso mkavu kama anasoma tangazo la kanisa: kijana kaja kuwinda ananukia kama bibi arusi. Mke wangu akafunika mdomo. Akaja kwenye samadi, akaja kwenye mawe yanayoteremka. Alipofika kwenye mifuko, "akatafuta kisu huku, akatafuta kule, nikadhani anajikuna," mke wangu akacheka. Ilikuwa miezi sijaisikia sauti ile. Na katika kucheka mkono wake ukashuka kwenye sinia, ukafinya tonge dogo, ukalipeleka mdomoni, yeye mwenyewe hana habari, macho yako kwa baba yake. Akalimeza. Nikashika birika kwa mikono miwili.

Mzee naye aliona. Sauti yake ilikatika kidogo, ikaendelea. Akaja kwenye kuzunguka. "Nguo yake," akasema, "ilikuwa imekosa adabu upande mmoja," na hapo binti yake akalia kwa kicheko, akala. Aliuliza, "Halafu?" Akala. "Na wewe ukamvuta tena?" Akala. Tonge kwa tonge, na hakuna hata moja lililorudi.

Lakini kila hadithi ina mwisho, na hii nayo iliisha. Mnyama akafa, mzee akanyamaza, na mkono wa mke wangu ukasimama. Nikamwona anaushusha mapajani, anautazama wali kama anauona sasa hivi, pua inaanza kukunjamana. Sinia ilikuwa bado nusu.

Mzee aliinua uso akanitazama. Nami, Mungu anisamehe, nilimtazama usoni.

"Baba," nikasema, "umesahau pale nilipomkimbia kima."

Hapakuwa na kima. Sikukimbizwa na kitu chochote mlimani isipokuwa ujinga wangu. Na yule alikuwa mzee wa kanisa, aliyekaa miaka bila ya kusema na mwanawe kwa kushikilia alichoamini kuwa ni kweli. Alitazama mikono ile ya vijiti, akatazama sinia.

"Kweli," akasema. "Yule kima. Nilikuwa nimemsahau."

"Kima gani?" akauliza mke wangu, na mkono wake ukarudi kwenye wali.